Mgongo wa Jirani

Nimelala. Nianze hapo, maana ndiyo kazi yangu siku hizi. Kiharusi kilinikuta kwenye usukani, na bahati nzuri lori lilikuwa limesimama, tunasubiri kupakua saruji. Nilitaka kushuka, mguu wa kulia ukakataa. Nikataka kutukana, ulimi nao ukakataa. Ulimi umerudi, tena umerudi na hasira zake zote, ila mguu na mkono wa kulia vimebaki huko huko vilikokwenda. Wapangaji wenzangu hapa uani wananiita Honi. Wanasema tangu niache lori, honi nimeihamishia kifuani.

Lakini ninayetaka kumsimulia si mimi. Mimi nina nini cha kusimulia? Naangalia mabati. Nataka kumsimulia mtu wa upande wa pili wa ukuta, dobi mmoja ambaye watu wote hapa humwita Pasi, na sidhani kama wanakumbuka jina alilopewa na wazazi wake.

Chumba chake na changu vimegawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba, mtu akijikuna upande ule, huku unasikia kucha. Kitanda changu kimeuegemea upande huu, meza yake ya kazi imeuegemea upande ule. Kwa hiyo naijua siku ya Pasi kuliko anavyoijua mke wake. Asubuhi nasikia anapepea mkaa. Nasikia anaitoa pasi nje ya mlango kupuliza majivu, asije akachafua shati la mtu. Kisha analowesha kidole, anagusa chuma: tss. Ikilia vizuri, anaanza, na akianza huguna wimbo usiokuwa na maneno. Nilimuuliza siku moja ni wimbo gani. Akasema, "Wimbo upi?"

Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, na mjomba alipofariki akamwachia pasi na meza. Sasa hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mjomba alikuwa mfupi, meza ikatengenezwa ya kimo chake. Pasi ni mrefu kama mlingoti. Miaka yote hiyo ameinama juu ya ile meza kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Nimemwambia mara ngapi, "Bwana wee, weka matofali chini ya miguu ya meza!" Jibu lake ni lile lile: "Mjomba aliiacha hivi." Heshima nyingine, jamani, ni ugonjwa.

Mke wake ni Mama Pacha. Mabinti zao wawili wameolewa mbali, na yeye huuza mboga sokoni, anatoka alfajiri, anarudi jua likizama. Uji wangu wa asubuhi unatoka kwenye sufuria yake. Ananiita shemeji, ingawa hatuna undugu hata wa kuazima.

Nilipopata maradhi, kanisa lilikuja. Sitaki kusema uongo, walikuja. Shemasi, mama anayekaa chumba cha mwisho karibu na bomba, alipanga zamu: leo fulani, kesho fulani. Mchungaji akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda changu, akahubiri juu ya yule msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi, watu wa dini wakampita, mpaka mgeni mmoja akamwonea huruma, akamfunga majeraha, akampandisha kwenye punda wake. Mahubiri mazuri sana. Akina mama walifuta machozi. Shemasi akaniachia Biblia kubwa, ile ya maandishi makubwa yenye jalada gumu jeusi, nzito kama tofali, niwe naisoma.

Basi wiki zikaenda. Mmoja akafiwa. Mwingine mtoto akaugua. Mwingine hakusema kitu, tukawa tunaonana kwa kupungiana mikono mlangoni. Mwisho wakabaki wananiombea tu, na maombi hayana uzito, kila mtu anayaweza. Mwanangu wa pekee yuko mbali na kazi zake, ananipigia simu: "Baba, tuko pamoja." Tuko pamoja wapi, mwanangu? Mimi niko hapa na mabati.

Nimelala nikimfikiria sana yule msafiri wa kwenye mahubiri. Alipandishwa punda, akapelekwa nyumba ya wageni, na aliyemwokoa akaendelea na safari yake. Sawa. Lakini nani alimgeuza kitandani wiki ya tatu? Nani alimwaga ndoo? Huyo hakuhubiriwa.

Mimi huyo wangu namjua. Ni Pasi. Hakuwa kwenye zamu ya mtu yeyote. Jumapili akienda kanisani hukaa kiti cha mwisho na kusinzia. Alikuja kwa sababu asubuhi moja alinisikia nalia, na wala sikuwa namlilia yeye, nilikuwa najililia mwenyewe. Akaingia, akaniangalia, akasema, "Umelala vibaya." Basi. Tangu siku hiyo nikawa mzigo wake.

Muuguzi wa zahanati alikuwa ametuonya: mgonjwa ageuzwe mara kwa mara, na shuka la chini linyooke, maana hata mkunjo mdogo chini ya mtu asiyejigeuza huzaa kidonda. Hilo la mkunjo lilimwingia Pasi kama amri kutoka juu. Akawa ananyoosha mashuka yangu kwa pasi kabla hata ya nguo za wateja. Ananigeuza kwa kulivuta shuka kwenye pembe zake, polepole, vile anavyogeuza blanketi zito mezani, kisha anapitisha kiganja chini yangu kutafuta mkunjo. "Shuka limenyooka," hunitania. "Mikunjo iliyobaki ni ya kwako mwenyewe, hiyo siwezi."

Nikihitaji kitu, nilikuwa nagonga ukuta kwa kikombe cha bati. Mara moja ni maji. Mara mbili ni kugeuzwa. Nikigonga mfululizo, ajue haja imenishika na aache kila kitu aje mbio. Na alikuja, pasi ikimsubiri juu ya kigae chake. Hakuwahi kusema "subiri".

Lakini ukuta ni ule ule, na masikio yangu hayakupatwa na kiharusi. Nikaanza kusikia mgongo wake. Mwanzoni ilikuwa "ah" ndogo akiinuka. Baadaye akawa anavuta hewa kwa meno. Kisha siku moja nikagundua kwamba haguni tena ule wimbo wake. Anapiga pasi kimya kama mtu aliye msibani. Nilikosa raha, nawaambieni.

Jioni moja nikawasikia wenyewe. Mama Pacha alikuwa anamkanda kwa kitambaa cha moto, naye anagumia.

"Mume wangu, mgongo huu ukikatika, nani atasimama mezani?"

"Na nani atamgeuza Honi?"

"Kanisa lipo."

"Kanisa liko mbali. Mimi niko ukutani."

"Basi mwombe hata fundi viatu wa hapo barazani akushike upande mmoja. Mtu hafi kwa kuomba."

"Fundi viatu ana kazi zake. Nitamwambiaje mtu aje kubeba asichohusika nacho?"

"Na wewe Honi anakuhusu nini?"

Nikasikia Pasi anajigeuza, kitanda kikalia. Kisha akasema, "Nikisikia, ananihusu."

Mama Pacha hakumgombeza. Angemgombeza ningefarijika. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyesimama sokoni tangu alfajiri, "Haya. Na wewe ukilala, nani atakusikia?"

Nililia kimya kimya. Mimi niliyeendesha lori kwenye milima, nikiwapigia watu honi wapishe njia, leo nimekaa juu ya mgongo wa mtu na siwezi kushuka. Nikaamua nitashuka. Siwezi kumsaidia Pasi kwa lolote duniani, sina mkono, sina mguu, ila kugonga naweza kuacha.

Asubuhi alipokuja nikamwambia, "Shemasi ameshapita. Amenigeuza."

Uso wake ukafunguka. "Kweli? Kumbe wamekumbuka!"

"Wamekumbuka sana. Watakuwa wanakuja. Wewe niletee uji tu." Na kikombe nikamwomba akiweke kwenye kigoda, mbali na ukuta, nisije nikajaribiwa.

Maskini, aliamini. Mtu mwema ni rahisi kumdanganya, anadhani wote wako kama yeye. Nikalala upande mmoja, upande wa kushoto, nimeuelekea ukuta. Maji nikanywa kidogo ili nisihitaji ndoo. Nyonga ikawaka moto, kisha ikafa ganzi, kisha ikawaka tena. Lakini upande ule wimbo ulirudi. Mwanzoni kidogo, baadaye wimbo mzima, ule usiokuwa na maneno. Nikasema moyoni, Honi, umefanya jambo. Nilijisikia mtu. Ni muda mrefu sikuwa nimejisikia mtu.

Kilichoniumbua ni shuka. Shuka la mgonjwa halitunzi siri. Siku ya kubadilisha ilipofika, Pasi akaja na lile safi begani, bado lina joto la pasi, akavuta lile la zamani. Likagoma. Lilikuwa limeganda kwenye nyonga yangu. Akainama, akaangalia. Sikuwa nimewahi kumsikia Pasi akipandisha sauti. Siku hiyo nilimsikia.

"Shemasi amekugeuza lini?"

Nikayafumba macho.

"Kaka, nakuuliza! Amekugeuza lini?"

"Hajawahi."

"Kwa nini hukugonga?"

"Nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Mgongo wako."

Akageuza ndoo tupu, akaikalia. Alikuwa amechoka, Mungu wangu, ule uchovu sikuwa nimewahi kuuona uso kwa uso, nilikuwa nausikia tu. Macho yamezama, mikono imening'inia katikati ya magoti.

"Kwa hiyo ukaamua uoze ili mimi nipone."

"Nilitaka na mimi nikubebe kidogo," nikasema. "Wewe unanibeba kila siku. Mimi nitakubeba lini?"

Alifuta uso kwa shuka safi, yeye ambaye hataki hata inzi atue juu ya shuka safi. "Usinifanyie wema wa namna hii tena," akasema. "Nimechoka, ndiyo. Ni kweli. Lakini nichoke kwa kukugeuza. Nisichoke kwa kuosha kidonda."

Akakiosha. Akatandika lile shuka, akapitisha kiganja. Kisha akanivuta nikalalia upande wa kulia, upande uliokufa, uso wangu ukaelekea mlangoni, mkono wangu mzima ukawa juu. Alipokuwa ananivuta nikasikia kitu kwenye mgongo wake, kama kijiti kikavu. Akatoka ameshika ukuta.

Haikupita hata saa moja. Nikasikia pasi inaanguka. Unajua pasi ya mkaa inavyoanguka? Ina mlio wake, mfuniko unafunguka na makaa yanamwagika kama kokoto. Nyuma yake ukafuata mlio mwingine mzito, wa mtu.

"Pasi!" nikaita. "Pasi wee!"

Kimya. Kisha sauti yake, chini kabisa, inatoka sakafuni. "Kaka... siwezi kuinuka."

"Makaa yako wapi?"

"Kwenye nguo. Yananijia."

Nikaanza kunusa kitambaa kinachoungua. Mama Pacha yuko sokoni. Uani walikuwepo akina mama kwenye bomba, nawasikia ndoo zao. Nikavuta pumzi, nikapiga honi kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. "Jamani! Njooni! Moto! Pasi ameanguka!"

Na mnajua nilichojibiwa? Kicheko. Ulimi wangu uliorudi umerudi nusu, nikikasirika maneno yanagongana, wao wanasikia kelele tu. Tena kelele zangu wamezizoea, kila siku Honi anagombana na mtu, mara redio, mara kuku, mara serikali. Nikamsikia mmoja anasema, "Honi ameanza." Mwingine, "Leo kakasirikia nini tena?"

Nikanyakua kikombe kwenye kigoda, nikakitupa. Kikagonga mlango wa bati ulioegemezwa wazi, ngwaa! "Eh, leo na vyombo!" wakasema, na ndoo zikaendelea kujaa.

Upande wa pili Pasi akaanza kukohoa.

Nikapapasa kigoda. Kilichobaki ni Biblia ya Shemasi. Nikasema, Bwana, utanielewa, au hutanielewa, tutajadiliana baadaye. Nikaikamata kwa mkono huu wa kushoto uliozungusha usukani miaka yote, nikairusha. Ikapita kwenye pazia la mlangoni, ikatoka nje ikifungua kurasa, ikatua kwenye tope la bomba, pwaa!

Uani kukawa kimya. Hata maji nilihisi yameacha kutiririka.

Kisha nikasikia kandambili. Si za mtu mmoja. Wote walikuja, wamama wote wa bombani, na fundi viatu kutoka barazani na kiatu cha mtu mkononi, na mbele yao Shemasi, ameikumbatia ile Biblia inayochuruzika tope, macho yamemtoka.

"We mzee! Neno la Mungu! Neno la Mungu unalitupa topeni?"

Sikumjibu hilo. Nilijilazimisha, neno moja moja, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. "Pasi. Anaungua. Ukutani."

Wakanusa, wote kwa pamoja. Shemasi alikuwa wa kwanza kukimbia, na ile Biblia bado kaikumbatia.

Walimwaga ndoo zao kwenye moto, wakamtoa. Fundi viatu na akina mama wanne walimbeba kwenye shuka, shuka langu lile lililokuwa limeganda, Pasi alikuwa amelitupa mlangoni kwake alifue. Nguo za wateja nyingi ziliharibika. Mkono wake uliungua kidogo. Mgongo ndio hauponi ila kwa kulala: daktari kasema alale chali sakafuni, asiinuke mpaka aambiwe. Yeye, ambaye hajawahi kulala mchana tangu azaliwe.

Baadaye Shemasi alirudi kwangu, akakaa kwenye kigoda. Alikaa muda mrefu akiifuta ile Biblia kwa upindo wa kanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri.

"Uliita mara ngapi?" akauliza.

"Mpaka koo likakauka."

"Tulikusikia," akasema. "Tukacheka." Akainama, akalia. Sikumnyamazisha. Acha alie, nilisema moyoni, mimi nimelia vya kutosha, tupeane zamu.

Sasa mambo yako hivi. Tuko wawili tumelala, mmoja huku, mmoja kule, ukuta katikati. Fundi viatu ananigeuza asubuhi, na ana mikono mizito kama nyundo zake. Shemasi anakuja jioni. Mashuka anayanyoosha yeye, vibaya, na Pasi humfundisha akiwa sakafuni: "Mama, lowesha kidole kwanza. Hapana, usikandamize. Telezesha." Hata kurasa za ile Biblia zilizojikunja kwa maji alimwelekeza azipige pasi, ukurasa kwa ukurasa, chini ya kitambaa, chuma kikiwa vuguvugu. Na Mama Pacha ameweka matofali chini ya miguu ya meza. Pasi alipoona akasema, "Mjomba atanisamehe."

Watachoka hawa nao. Najua. Nimeshaona zamu ikianza kwa nyimbo na kuishia kwa kupungiana mikono. Sina matumaini makubwa, na nimechoka, na kidonda kinauma. Siwapambii maneno.

Ila jana mchana nilisikia kitu. Uani kulikuwa kumetulia, Mama Pacha yuko sokoni, kila mtu na lake. Ukutani, chini kabisa, usawa wa sakafu, kitu kikagonga. Kidogo, kwa kucha, kama mtu anayeona aibu. Mara moja. Nikadhani ni panya. Kikagonga tena, mara moja.

Maji. Pasi alikuwa anaomba maji. Mtu ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu aligonga ukuta wangu, mimi nisiyeweza kumpelekea hata tone.

"Nimekusikia, mdogo wangu!" nikamjibu. Na Biblia ilikuwa pale kwenye kigoda, imenyooka, nikaisogeza karibu na mkono wangu mzima, iwapo itahitajika. Kisha nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, nikapiga honi.